Ubao Hauogi

Kwetu Konde sakafu ilikuwa saruji,
tena ukumbini tu; vyumbani udongo.
Saruji haina kinyongo:
unaimwagia ndoo mbili na sabuni ya unga,
unasukuma kwa fagio la chelewa mpaka uani,
jua linamalizia.
Basi ndivyo nilivyoingia Kiponda,
bibi harusi wa siku tisa, hina haijachujuka nyayoni,
nikapanda ngazi na ndoo.

Mbao za mvule, upana wa shubiri na kitu,
zimelazwa kabla mume wangu hajazaliwa.
Nikazimwagia.
Zikanywa. Wallahi nilizisikia zikinywa,
kama punda.
Mara kutoka chini, Bi Shinuna:
"Nyie wa juu! Mvua gani hii inanuka jiki?"

Mavyaa hakugomba.
Alivua makubadhi mlangoni,
akapita polepole, ukuta hadi ukuta
(macho yake yalishaingia ukungu zamani)
akasimama dirishani, pale maji yalipotuama.
"Ubao hauogi," akasema.
"Ubao hupanguswa uso."
Akarudi kwenye uradi wake.

Usiku ule mbao zilivimba,
mlango ukakataa kufunga,
na sisi maharusi tukalala kama wageni wa hitima,
kila mmoja kwenye ukingo wake.

Nikajifunza.
Kwanza mchanga: watoto huja nao kutoka pwani
katikati ya vidole, na kila chembe ni jino.
Fagio laini, lifuate uzi wa mti, lisikate njia.
Kisha kanga kuukuu, ile ambayo jina lake halisomeki tena,
uikamue mpaka isitoe tone,
halafu uikamue.
Ijumaa moja kwa mwezi, nta:
donge kama limau, aniletea Mbarouk kutoka Ngezi,
naliyeyusha kwenye kopo la maziwa juu ya seredani,
naliepua, natia mafuta ya taa mbali na moto.
Kwa nini mbali? Ziulize nyusi zangu.
Halafu kumbi la nazi, nusu, chini ya mguu wa kulia,
mkono ukutani,
kwenda, kurudi, kwenda,
kiuno kikifanya kazi yake
mpaka ubao urudishe mwanga wa dirisha.

Mavyaa hunifuata nyuma, miguu mitupu.
"Hapa umeruka."
"Hapa umepaka mno, huu si mkate wa siagi."
"Hapa palikuwa na cherehani yangu."
Nikainama. Mabonyeo manne, madogo,
macho yangu mazima yalikuwa hayajayaona.

Masika mbao husongana, hupitishi hata ukucha.
Kaskazi huachana,
na shilingi zote za kaskazi
ni za Bi Shinuna.

Mwaka wa sita akaja fundi Machano,
mashine ya msasa begani, debe la vanishi mkononi.
"Lile doa la dirishani nalikwangua leo,
asubuhi hamtalikumbuka."
Doa langu. Jeusi, limekunja ncha za mbao tatu.
Nikasema, haya.

Mavyaa akanyanyuka.
Akaja mpaka dirishani, akalipapasa kwa kidole gumba cha mguu,
kama mtu anayeonja maji ya josho.
Kisha akasogea hatua mbili, ubavuni mwa kabati,
akapapasa jingine,
ambalo miaka yote nililipiga nta nikidhani ni jicho la mti.
La zamani. Kingo zake zimelainika.
"Na hili utalikwangua?"
Machano akachuchumaa. "Hili la nani tena?"

"Ndoo yangu ilikuwa ya bati," akasema Mavyaa.
"Na mavyaa wangu alikuwa na ulimi."

Machano akanywa chai yake, vikombe viwili,
akabeba mashine akateremka ngazi.
Mimi nikatoka kutafuta kumbi.