Mstari wa Arobaini na Moja

Tarehe thelathini Desemba, ghorofa ya tatu, karibu na Jamatini.
Mvua imepiga robo saa ikaondoka,
vioo vimebaki na michirizi ya vumbi jekundu.
Bwana Chilewa ananiletea chai kwa mkono wake.
Nimeshajifunza: mkubwa akikubebea kikombe,
mzigo wako uko nyuma yake, unapanda ngazi.

"Mstari wa arobaini na moja," anasema, "umekaa mzito."

Ndiyo akiba ya madai. Fedha ya kuweka kando
kwa yaliyokwisha kutokea, habari zake zingali njiani:
lori limelala Chigongwe, mwenyewe hajaja na fomu;
paa limeng'oka Mvumi, picha bado zimo kwenye simu.
Ni namba ya kukisia.
Na kisio, ukilivuta sikio, halilii.

Hasemi punguza.
Sijawahi kulisikia neno hilo chumba hiki.
Anasema benki itatazama uwiano kabla ya kutoa mkopo.
Anasema mwaka jana tulipanda, na aliyepanda
hashuki mbele ya wenye hisa.
Bonasi yake haitaji. Naijua,
mimi ndiye ninayeipigia hesabu, asilimia ya faida,
na faida inaanzia hapa.
Mkaguzi? Mwaka wa kumi na moja sasa ni yuleyule,
watoto wa Chilewa anawaita kwa majina ya nyumbani.

Mwaka ule wa neema tuliujaza mstari huu kama kihenge,
tukafukia faida humo, kodi isiione sura yake.
Mwaka huu tunachota.
Wala hakuna mwizi. Kila shilingi ina karatasi yake,
kila karatasi ina sahihi,
na sahihi moja ni yangu.

Mama yangu, Kongwa, humcheka mgeni anayekula mlenda kwa uma.
Namba hii ni mlenda, mama.
Bodi nzima imeshika uma.

Ndani ya droo yangu kuna kofuli lililoungua.
Alilileta Foibe Mhembano wa Hombolo, Oktoba,
limefungwa kwenye kipande cha kitenge:
ghala lake la kukaushia zabibu, moto wa usiku, ushahidi.
Aliliweka mezani taratibu, kama yai.
Tathmini ya hasara ilikwisha mwezi uleule.
"Hilo liingie Januari," anasema Bwana Chilewa,
tayari yuko mlangoni, "Januari ni karibu."

Mkataba wangu nao unaisha Januari.
Hilo halikutajwa pia.

Nafuta. Naandika. Kompyuta inafikiri kidogo,
halafu chini kabisa faida inapanda, asilimia nane nukta mbili,
laini, haina hata mkwaruzo.
Mji huu, wazee wanasema, ulipewa jina na tembo aliyezama:
idodomya, amedidimia.
Sijui kama alipiga kelele
au matope yalimpokea polepole, akadhani ni kulala.

Saa kumi na mbili simu inatikisika juu ya meza.
"Heri ya mwaka mpya mwanangu. Nimetuma picha nyingine,
hizi zinaonekana vizuri zaidi. Foibe."

Naifungua. Nguzo nne nyeusi, anga.
Naigeuza simu, kioo chini.

Imetokea.
Haijaripotiwa.