Mita Ishirini na Mbili

Ukumbi wa nje wa hospitali, Wete,
nimeupima mwenyewe kwa futi ya seremala:
mita thelathini, toka mlango wa maabara
hadi dirisha la dawa.
Chini nimebandika utepe mwekundu.
Kazi yangu kushika saa, kuhesabu,
dakika sita, na kunyamaza.
Mwongozo umesema: usimsindikize,
usimhimize kwa maneno yako,
akisimama yeye, saa isisimame.

Shaame Mbwana kapika halua miaka thelathini na minne.
Sufuria la shaba, mwiko mrefu kuliko mkewe,
na moshi wa kuni mbichi
ukimlipa kabla wateja hawajamlipa.
Kifua chake hupiga mluzi; mwenyewe hucheka:
"Sikia, birika limechemka. Tia majani."

Mwezi wa Rajabu alitembea mia mbili na kumi.
Tukampa pampu, tukamfunza:
toa pumzi yote, vuta taratibu,
izuie, hesabu hadi kumi.
Mfunguo Mosi karudi na kikapu cha ukili mkononi.
Mia mbili thelathini na mbili.

Mita ishirini na mbili.
Kitabu kinasema chini ya thelathini
usiyaite mabadiliko.
Huenda ni upepo, huenda ni uji aliokunywa,
huenda ni siku tu, na siku hazifanani.
Nikaandika: hakuna tofauti.
Kalamu haikugoma.

Aliniuliza, nikamwambia.
Akavuta kiti.
"Basi na mie nipime kwangu.
Kabla ya dawa, mjukuu nikimwita vipande:
Sulei,
napumzika,
mani.
Akifika nishasahau nilichomwitia.
Juzi kapanda mpera wa watu.
Nimempigia ukelele wa pumzi moja:
Suleimani bin Hamadi bin Shaame shuka we!
Mtaa mzima umesikia.
Haya, hiyo mita ngapi?"

Nikapekua fomu nitafute safu ya kuitia.
Haipo.

Na ukurasa wa pili yupo Bi Hadia wa Kizimbani.
Yeye mashine imemsifu:
pumzi imepanda, mchoro umenyanyuka,
daktari kaugonga kwa kidole akitabasamu.
Naye akifunga buibui lake
kaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi,
"Mwanangu, usiku bado nalala nimekaa."

Sisemi namba zinadanganya.
Bila namba tungemgawia kila mtu asali na habasoda
tukajipongeza.
Kesho utepe utakuwa palepale,
nami nitashika saa, nitanyamaza.
Ila pembeni mwa ukurasa wa Shaame,
kwa penseli, ili mkaguzi akitaka afute,
nimeandika jina la yule mtoto,
lote,
bila mkato.