Ukaguzi wa Dari

Nje ni matofali mekundu, orofa mbili,
kati ya kliniki ya meno na duka la matairi.
Jiwe la msingi lasema 1911,
ila theluji imemeza moja ya mwisho.

Delbert Knapp, katibu, miaka themanini na minne,
ananifungulia kwa ufunguo uliotungwa kwenye kamba ya kiatu.
Mlango wa ndani una tundu, upana wa kifungo cha koti.
"Zamani ungebisha mara tatu, utazamwe kwanza."
Nachungulia. Upande wa pili hakuna jicho,
kuna friji ya soda iliyochomolewa umeme.

Nimetumwa na manispaa. Nina futikamba, tochi,
na fomu ya kurasa sita:
niandike lipi ni urithi, lipi ni kifusi.

Ukumbi: futi arobaini kwa sabini.
Viti vinne vya enzi, kila upande wa dunia kimoja;
cha mashariki kimepandishwa ngazi tatu
ili mwenye kukikalia, hata akiwa muuza bima,
aonekane amechomoza.
Madirisha ya upande wa barabara ni ya kweli.
Ya kaskazini yamechorwa tu ukutani, pazia na yote,
maana nyuma yake palikuwa na stoo ya makaa
na ndugu walitaka ulinganifu.
"Utotoni nilidhani upande huo ni usiku daima."

Juu ya yote, dari.

Babu yangu Gaspare ndiye aliyeipiga lipu,
baada ya moto kuila ile ya kwanza.
Wiki kumi na moja alilala chali juu ya jukwaa,
akafinyanga maua kumi na mawili ya chokaa
na mkanda wa majani ya mwaloni kuzunguka kuta,
jani kwa jani, kwa kijiko alichotoka nacho kwao.
Bibi alisema alirudi jioni mweupe hata kope.
Walimlipa. Walimsifu. Wakampa biri nene ya Kuba.
Basi akaomba kujiunga.

Kitabu cha kumbukumbu kimo kabatini pamoja na mapanga ya bati.
Delbert amenitilia alama kwa risiti ya petroli;
hanitazami.
Machi 1926, wino wa zambarau:
*Ombi la G. Tedesco, mpiga lipu.
Gololi nyeupe, kumi na tisa. Nyeusi, moja.
Limekataliwa. Kahawa ikaletwa.*

Sanduku lenyewe bado lipo. Nimetia mkono.
Gololi ni baridi, na gizani zote ni sawa,
kidole hakitambui nyeusi.
Aliyeidondosha aliitambua.

Undugu ni kufaana, si kufanana;
na humu walifaana kweli, siwanyimi hilo.
Mfuko wa kuzikana ulimzika mwenye benki na dereva wa tramu
kwa jeneza la aina moja.
Wajane walipata makaa kila Novemba bila kuomba.
Gaspare alipoanguka, mwaka wa thelathini na moja,
bibi aliuza cherehani.

"Walikuwa ishirini," nasema.
"Baba yangu alikuwa mmojawapo," asema Delbert,
"na alikuwa mtu mwema."
Mkono wake unapapasa swichi ya taa,
muda mrefu, kama amesahau ni ya nini.

Taa zinawaka. Napanda ngazi.
Mwaloni, mwaloni, mwaloni,
na pembeni, juu kabisa ya kile kiti cha mashariki,
kitu kinene, kimepasuka chini, kinadondoka asali:
tini.
Karibu miaka mia, kila mkuu wa chama
ameapishwa chini ya tini la uani kwetu.

"Mimi nilijua ni kitunguu," Delbert anaita kutoka chini.

Sijui kama ni hasira, au utani, au hamu ya kwao.
Chokaa haisemi. Naigonga kwa kifundo cha kidole: nzima.

Ukurasa wa nne, naandika kwa penseli,
kisha narudia kwa wino:
Dari: lipu. Hali: nzuri. Fundi:
hapo fomu imeacha nafasi ndogo mno,
naandika hadi pambizoni.