Ukungu

Eleri anasema tungoje alale.
Mashine haimtaki mtoto anayelia,
haimtaki aliyekunja ngumi.
Inataka usingizi wenyewe, usioletwa na dawa,
na usingizi huo, Eleri mwanangu, hauuzwi Swansea,
wala hauuzwi Lushoto.

Saa nne na robo.
Nuria ana wiki tisa na macho makavu
kama karani aliyekataa kutia sahihi.
Nimemnyonyesha. Nimemcheulisha.
Nimezunguka naye chumba hiki hadi nimekariri
nyufa za sinki, bango la sungura mwenye kofia,
dirisha, mvua inayonyesha kwa ubavu,
sinki tena.

Kifuani mwake kuna mtu anaburuta kiti.
Nimemsikia tangu wiki ya tatu,
usiku hasa, kama jirani wa ghorofa ya juu.
Daktari alisema virusi.
Mara ya pili akasema virusi vingine.
Mwenye nyumba alisema fungueni madirisha.
Januari hii!
Kila Jumamosi Shekue anasugua ukuta kwa klorini,
macho yanamchuruzika, anaimba kwa hasira,
na Jumatano ukungu umerudi,
mweusi, nukta nukta, juu ya kitanda cha mtoto.
Kwetu Lushoto ukungu una adabu:
unaamka nao, mnakunywa chai,
saa nne umeshaaga.

Halafu akalala.
Hakutoa taarifa. Mdomo ulilegea tu,
tone la maziwa likabaki kwenye kidevu.

Eleri akavua viatu.
Akaja kwa soksi, soksi za njano,
na barakoa isiyozidi kikombe cha kahawa,
ukingo wake laini kama ufizi.
Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kumzuia.
Akaninong'oneza: haimnyang'anyi kitu.
Inapokea anachokitoa.

Nilitarajia namba. Nikaona vilima,
kimoja, kingine, kingine,
mwanangu anachora nchi kwa kifua chake.
Kupanda anapanda vizuri, Eleri akasema.
Tazama anavyoshuka.
Nikatazama. Hewa inaingia kama mwenye haraka,
kutoka inachelewa,
kama mgeni anayeaga mlangoni
na kukumbuka habari nyingine.

Kwenu mnaiitaje hii? akauliza.
Pumzi.
Na kulala, kutulia?
Kupumzika.
Akacheka bila sauti: kumbe ni neno lile lile!
Sikumwambia kuna ndugu yao wa tatu, pumu,
aliyezaliwa nyumba hiyo hiyo
na anayejua mlango wa nyuma.
Mimi mwenyewe nililitafuna neno hilo
kisha nikalimeza.

Dakika ishirini. Kifuko kimejaa
kitu ambacho sijawahi kufikiri kinaweza kubebwa.
Kitapimwa, kitasomwa,
watatafuta humo dalili za njia zilizovimba.
Ni mapema mno kuipa hali hii jina, akasema,
mrudi baada ya wiki sita.
Nikakubali kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jina.
Kukosa jina nako kuna uzito wake.

Kisha, akiwa anafunga kiatu:
mnalala wapi? Ukuta ukoje?
Nikampa simu. Nina picha arobaini na moja,
nilizopiga nikidhani nitamtumia mtu.
Akazipitia zote. Hakuruka hata moja.
Kwenye ile ya Krismasi alisimama,
akasema neno la Kiwelshi ambalo sikuhitaji tafsiri,
akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Sijui barua itafika kwa nani.
Barua zetu sisi hujibiwa na mashine nyingine.

Kwenye basi Nuria alikuwa kifuani, ndani ya koti,
uso kwangu, amelala fofofo,
mtu wake akiburuta kiti polepole.
Pumzi yake ikapanda, joto, yenye maziwa,
ikatanda kwenye miwani yangu.
Wiki nzima nafuta ukungu.
Huu niliuacha.
Tukapitiliza kituo.