Mbuzi Anayetazama Nyuma

Saa nne usiku, Kutaisi.
Pasi imezimwa, chumba bado kinanuka mvuke na nili.
Huko inakokwenda fomu hii
jua ndiyo kwanza linapinduka.

Fomu inauliza jina la kampuni.
Kampuni ni mimi, ni Guram,
na binti wa jirani ajaye Jumamosi kupiga pasi
kama hana mtihani.

Fomu inauliza jina la mtunzi.
Naandika: Tsiala.
Kwetu jina hilo huanza na herufi moja, imejikunja kama ndoana;
kwa herufi zao imenibidi niipasue vipande viwili,
nikaona kama nimemtoa mama nje bila koti.

Yote haya yameletwa na picha.
Binamu aliyehamia Ohio aliipiga dukani, rafu ya vyombo vya jikoni:
kitambaa cha meza cha buluu,
bei yake haifikii hata ya nguo yetu kabla ya kuchovywa,
na pembeni, kati ya samaki na komamanga,
mbuzi wetu.
Anatazama nyuma, ulimi nje kidogo,
ukwato mmoja mfupi,
kwa kuwa kibao kilipasuka majira yale ya baridi umeme ulipokuwa haupo
na mama akamalizia kuchonga kwa mshumaa.
Wamenakili hata ufa.

Bi Eteri, wakili anayekubali kulipwa vitambaa, alisema:
"Haki ilizaliwa siku mkono ulipoinuka kwenye mbao.
Nchi na nchi zilishawekeana mkataba.
Lakini nenda kaandikishe.
Ukifika kwa hakimu wao na haki isiyo na namba
watakusikiliza, naam,
ila watakachokupa hakitalipa hata tiketi."
Mali bila daftari, nikasema moyoni,
nikavuta kiti.

Fomu inauliza: kipi kilikuwapo kabla, ambacho hukidai?
Hapo nilikaa sana.
Samaki si wetu; samaki ni wa bibi wa kila mtu.
Kulungu si wetu. Komamanga, kisu na uma vilivyopishana,
ni vya mji, ni vya mto Rioni,
ni vya mikono isiyo na mwaka wa kuzaliwa.
Nikawaachilia mmoja mmoja
kama msafiri anayepunguza mzigo mbele ya mizani,
watu wamepanga foleni nyuma yake,
mpaka akabaki mbuzi.
Fomu ikaridhika.
Mimi sikuridhika,
maana mbuzi yule anamtazama kulungu.
Ukimwondoa kulungu, anatazama nini?

Kisha kisanduku kidogo, si lazima kukijaza:
mwaka wa kifo cha mtunzi.
Nikajaza. Tarakimu nne.
Zile za hospitali aliziandika Guram.

Ada ni bei ya vitambaa vinne, vile vikubwa vya harusi.
Benki ikaikataa kadi yangu.
Nikamwamsha Guram, akanitajia namba za yake macho yamefumba,
akageukia ukutani.

Mwisho: leta nakala ya kazi.
Nikakitandaza kitambaa sakafuni, nikapanda kiti, nikapiga picha.
Kivuli changu kikamwangukia mbuzi.
Nikahamisha kiti. Kivuli.
Taa ya chumba hiki ni moja.
Ya tatu nikaituma hivyo hivyo.

Basi sasa, katika nchi ambayo sijaikanyaga,
ndani ya kumbukumbu za serikali ya wenyewe,
yupo mbuzi mwenye ukwato mfupi
na juu yake kichwa na mabega ya mwanamke
ambaye hakuulizwa jina.

Jibu, wamesema, ni miezi.
Jumamosi binti wa jirani akauliza
kiti cha kulia kinafanya nini katikati ya chumba.
Nikamwambia awashe pasi.