Wastani

Walikuwa wanane kuzunguka meza, Nagpur, mwezi wa tatu,
kiyoyozi kikikohoa kama mgonjwa wa wodi ya usiku.
Mada: Bei ya chini ni hisani au ni hila?
Dakika kumi. Tukabonyeza saa.

Wakaanza,
huyu akimkata kauli yule, yule akimkata wa tatu,
kila mmoja akisema "naunga mkono hoja yako" huku akiizika.
Nami najaza vijisanduku:
uongozi, ufasaha, ushirikiano.
Debe tupu likavuma. Nikaliandikia nane.

Vaidehi Sontakke, kiti cha karibu na mlango,
alisema mara moja tu, dakika ya saba:
"Kwanza tujue ile tofauti analipa nani."
Kimya kidogo. Kisha wakaendelea,
kana kwamba mtu alikuwa amepiga chafya.

Alasiri akaingia peke yake mbele yetu watatu:
Deshmukh, mstaafu wa benki;
Ritwik, zao la chuo hikihiki, saa ya mkononi bei ya pikipiki;
na mimi, mwalimu wa mtiririko wa fedha, miaka kumi na tisa,
nisiyewahi kumiliki hata kibanda cha chai.

Alama zake za mtihani zilikuwa nzuri, si za kutisha.
Ritwik akaweka kidole juu ya karatasi:
"Hapa pana miezi kumi na minne. Mitupu."
"Baba aliugua figo. Nikaendesha kinu cha mafuta ya karanga.
Watu sita, mashine mbili, moja mbovu."
"Una barua ya mwajiri?"
"Mwajiri nilikuwa mimi."
Kijisanduku cha uzoefu hakikuwa na pa kuliweka jibu hilo.

Mwisho tukamuuliza, kama ilivyo ada, ana swali gani kwetu.
Akatutazama mmoja mmoja, bila kiburi:
"Mmewahi kufika Ijumaa,
watu wameshanawa mikono, wamepanga foleni,
na kasha halina kitu?"

Deshmukh akacheka. Ritwik akatazama saa.
Mimi niliandika tisa, kalamu ikatoboa karatasi.
Wao: tano, na nne.
Jumlisha, gawa kwa tatu: sita.
Mstari wa kupita ulikuwa sita nukta mbili.
Hesabu haikuwa na kosa. Niliirudia mara nne, nikilitafuta.

Bado nafundisha sura ya tano, Ijumaa, saa nane mchana.
Nikifika penye mishahara
husimama, chaki mkononi.
Wanafunzi hudhani nimesahau.
Hunisomea jibu kutoka kitabuni.