Newala, Kabla ya Jua

Huku ukungu hauji, unapanda.
Unatoka bonde la Ruvuma, unashika ukingo
wa Shimo la Mungu kama mtu anayetafuta pa kuweka goti,
kisha unaingia mjini bila hodi,
na mji mzima unashusha sauti.

Saa kumi na mbili. Redio ya kwa Nantende
inaongea kama imeviringishwa kwenye kanga.
Kikohozi kinapita barabarani, mwenyewe simwoni.
Harufu ya mabibo yaliyochacha inatangulia,
baiskeli inafuata, halafu magunia mawili,
halafu hakuna kitu.
Ghala la chama limebaki ukuta mmoja.
Mnara wa simu umekatwa kiunoni.

Siku ya tatu hii na shuka halijakauka.
Chumvi imekuwa jiwe. Kiberiti kinakataa.
Ukimwita mtu, jina linakurudia limelowa.

Na kinachoniudhi nikiseme:
mji huu umekulia kwenye kiu.
Mama alishuka mteremko na mtungi gizani;
alipomaliza kupanda, jua lilishamtangulia nyumbani.
Maji yote haya yanapita vifuani mwetu
na hakuna ndoo iliyowahi kujaa.

Dada yangu Somoe anacheka.
Anapangusa ukingo wa bati kwa kiganja, ananipaka shavuni:
"Haya, oga."

Uani, kisima cha mvua bado kina kufuli.
Bomba lilishafika, lina siku zake, Jumanne na Ijumaa,
ila kufuli linapakwa mafuta kila mwezi,
na ufunguo unalala palepale ulipolala enzi za mama,
ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya vifungo na sindano.
Simuulizi kwa nini.
Nainama, naweka sikio kwenye mfuniko:
tone. Kimya.
Kimya kirefu. Tone.
Bati linakamua ukungu, linautuma mferejini
kidogokidogo, kama mtu anayelipa deni kwa senti.

Saa tatu jua litapiga. Watu watarudishiwa nyuso,
mizani ya korosho itaanza ugomvi wake,
na nitasahau kwamba asubuhi niliogopa
kupaza sauti katika mtaa niliozaliwa.

Somoe ananifungulia. Nachota kikombe kimoja.
Yana ladha ya kutu, na ya majani ya mkorosho,
na baridi inayofika hadi kwenye meno ya utotoni.
Nayanywa nimesimama.

Kabla sijameza funda la mwisho
nasikia kufuli: ka.